Kilio cha Chini ya Mchanga

Haya hayakumtokea jirani wa jirani. Yalitokea nyumbani kwa dada yangu wa tumbo moja, katika fleti ninamoishi mpaka leo, ghorofa ya nne, Berea, jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla mimi sijaingia nchi hii. Mwenye shaka na apande ngazi aje. Beseni lenyewe lipo, nitamwonyesha.

Ilianza Jumamosi ya kawaida kabisa. Ilitangazwa kwamba maji yatakatika, ndiyo maisha yetu Johannesburg siku hizi, kwa hiyo nilikuwa nimepiga magoti bafuni nikijaza akiba katika lile beseni kubwa la kuogea ukiwa umelala, la chuma, la enzi za wenye nyumba wa zamani. Dada yangu Léocadie alikuwa jikoni anasonga bugali. Binti yake Sagesse alisimama mlangoni akitazama maji yanavyopanda. Alikuwa anakaribia miaka minne na hajawahi kutamka neno, hata neno "mama".

Hilo lazima nilieleze, maana ndilo lililotuponza. Sagesse hakuwa kiziwi. Ukimwita anageuka, ukimtuma kijiko analeta, ila mdomo wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba. Kliniki walitupa tarehe, tukaenda, wakatupa tarehe nyingine. Shule ya chekechea walisema mtoto asiyeweza kuomba kwenda chooni hawampokei. Mchungaji alimwombea mpaka sauti ikamkauka mwenyewe. Léocadie akisikia watoto wa wenzake wakiita mama zao sokoni, aligeuza uso kando. Alitaka neno hilo moja tu. Nilimwonea huruma, na huruma ikikosa la kufanya hugeuka hasira, hivyo mimi nilishinda na hasira kutwa.

Hasira hizo nilimalizia kwa shemeji. Mume wa dada yangu anaitwa Octave, ni mlinzi katika majumba fulani huko Observatory. Huko alizoeana na mkazi mmoja, Mkenya wa benki aitwaye Ngugi, ambaye kila wikendi hubeba darubini akaenda kutazama ndege. Octave akaambukizwa. Mtu mzima ametoka zamu, badala ya kulala anakwenda kusimama kando ya dimbwi kumkodolea macho yangeyange. Ngugi alimpa darubini yake ya zamani, akamfundisha na mtindo wao mmoja: ndege akijificha majanini, unamchezea kwenye simu sauti ya ndege mwenzake. Naye hudhani kaja mgeni au adui, hutoka kuangalia. Mimi niliona ni uongo wa kumdanganya kiumbe asiye na kosa, nikasema, nikachekwa.

Jumamosi hiyo Octave alikuwa anarudi kutoka St. Lucia. Ngugi alimpeleka kwa gari mpaka pwani ya KwaZulu-Natal, pale mto unapokaribia bahari na kutandaza vinamasi, matete na mikoko. Walitazama mwari na korongo, walitazama kurea akipiga mbizi, walitazama mamba waliolala ukingoni vinywa wazi. Alituonyesha picha moja moja, chakula kinapoa. Lakini kilichokuwa kinamuwasha hakikuwa kwenye picha.

"Musikilize hii," alisema, akaweka simu mezani.

Ilikuwa sauti fupi ya kooni, mfano wa mlango mdogo usiotiwa mafuta. Kyau. Halafu kimya. Kyau. Alisema waliisikia kwenye kilima cha mchanga nyuma ya matete, wasimwone ndege mwenyewe. Wakairekodi. Kisha asubuhi nzima wakawa wanaichezesha kwa nguvu huku wakitembea ukingoni, wanamvuta ajitokeze, mpaka wakafika kwenye gari mikono mitupu. Ile programu ya kutambua ndege nayo ilisema haimjui. Octave alikuwa amenuna kama aliyeibiwa.

Aliichezesha tena. Na tena. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie atuachie tule, ndipo ikaitikiwa kutoka mlango wa bafuni.

"Kyau."

Ilikuwa Sagesse. Alikuwa amenyoosha shingo, macho yameganda kwenye simu. Léocadie aliangusha mwiko. Octave akaichezesha sauti tena, na mtoto akairudisha, safi, bila kosa. Basi wakakumbatiana wakalia, mume na mke, na mimi pia nililia, sitasema uongo. Mtoto wetu alikuwa na sauti.

Machozi yalipokauka ndipo mwili ukanisisimka. Mimi na Léocadie ni watoto wa Uvira, tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika. Kwetu, kitu kikilia kwenye matete na mdomo wake huuoni, hukirudishii sauti. Mama yetu alipokuwa anafua ziwani, tukithubutu kuiga, alitufunika midomo kwa mkono wenye sabuni. Octave ni mtu wa Bukavu. Ziwa Kivu halina mamba, ndiyo maana mtu wa Bukavu huoga akiimba. Tulipomweleza alicheka mpaka akapaliwa, akasema watu wa Uvira wanaogopa hata supu ikiwa nyingi.

Nilimvuta dada yangu jikoni. "Yaya, unakumbuka ya mama," nilimnong'oneza; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Nakumbuka," alisema. Hakunitazama. "Lakini amefungua kinywa, Arlène. Uniache."

Nikamwacha. Ningefanya nini? Tangu siku hiyo Octave aligeuza sauti ile kuwa somo. Kila asubuhi kabla ya zamu anamkalisha mtoto, anaichezesha sauti, mtoto anajibu, baba anapiga makofi. Alisema kinywa kikishajua njia, maneno yatafuata. Nilipinga mezani, nikapinga ngazini, nikapinga mpaka nikaitwa mchawi wa furaha za watu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kisha maji ya beseni yakaanza kuchafuka. Unajaza maji meupe, unarudi kutoka kazini unakuta rangi ya chai, na chini kumetua mchanga. Bafuni kulikuwa kunanuka tope la zamani. Na nani alilaumiwa? Mimi. Nafanya kazi saluni Yeoville, basi ikasemwa ninafulia nywele za wateja katika maji ya kupikia. Nilisugua beseni lile kwa hasira mpaka kucha zikakatika, na jioni yake mchanga ulikuwepo tena. Jirani wa chini alipanda kutugombeza kwamba mchana, tukiwa hatupo, tunaburuta kabati. Sisi hatuna kabati.

Siku moja nilibaki na Sagesse peke yangu. Jua lilikuwa kali nje, redio ya jirani inapiga nyimbo za kanisa. Mtoto alitoka kitandani, akaenda akasimama kwenye beseni, mikono juu ya ukingo. Akaita. Halafu akainamisha kichwa upande mmoja, akangoja.

Hakuita ovyo kama watoto wanavyochezea sauti. Alingoja kama mtu aliyezoea kujibiwa.

Jibu likaja. Sikulisikia kwa masikio. Lilipanda kwenye nyayo zangu, likapita magotini, likatulia tumboni. Maji ya beseni yalitetemeka, yakarukaruka juu kama mafuta kwenye kikaango. Redio ilikuwa bado inapiga. Sagesse akatabasamu.

Nilimkwapua nikashuka naye ngazi zote, pekupeku, tukakaa kwenye spaza, kiduka cha kona, mpaka wazazi wake waliporudi. Niliwaeleza. Octave alisema ni lori limepita barabarani. Léocadie alikwenda kuchungulia bafuni.

Ngugi ndiye aliyekuja kutukata maini. Alifika Ijumaa jioni, na suti yake ya benki, anahema kwa ngazi, na uso wake haukuwa wa mgeni wa kunywa chai. Alikuwa ameituma ile sauti kwenye kundi la wapenda ndege, na mtu mmoja wa huko pwani, mwenye kazi ya kuchunga mamba, alikuwa amemjibu.

"Boss, ile kitu si ndege," alimwambia Octave kwa sauti ya chini. "Ni mtoi wa mamba. Analia akiwa bado kwa yai, chini ya mchanga. Anaita mama yake aje amfukue."

Akatueleza yote, na sikupenda namna alivyokuwa anakwepa macho yetu. Mamba jike hulinda mayai yake miezi. Akisikia kilio huja, huchimba, huchukua watoto kinywani bila kuwaumiza, akawapeleka majini. Sasa yule mtu wa pwani alikwenda kukiangalia kiota. Alikikuta hakijafunguliwa. Watoto walikuwa wameozea ndani ya mayai. Mama yao alikuwa ameondoka asubuhi ile ile, nyayo zake zimefuata ukingo, zimefuata mahali pote walipopita akina Octave na simu yao, mpaka penye maegesho ya magari. Pale zikaisha.

Octave alisema, "Eish." Hilo tu. Halafu akajaribu kucheka.

"Na nani alimpa pole?" Léocadie aliuliza.

Wanaume wakatazamana. Octave akasema mnyama hapewi pole. Kwetu mwenye msiba humwombi kitu na humwambii kitu kabla hujampa pole. Ukivuka hilo umejitukana mwenyewe. Lakini nani angekwenda kuhani kwenye kinamasi?

Octave alifuta sauti ile kwenye simu mbele yetu. Tulimwaga maji yote ya beseni. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishukuru maji kukatika, maana siku zilizofuata bomba halikutoa hata tone, mtaa mzima ukawa unafuata malori ya maji na ndoo. Harufu ya tope iliendelea kupanda kwenye tundu la beseni, Octave akaliziba kwa kizibo chake cha mpira akakikandamiza kwa kisigino. Akapangusa mikono. Akasema imekwisha.

"Kyau," akasema Sagesse.

Ndipo tukaelewa. Simu ilikuwa imefutwa, lakini mtoto hafutiki. Mwanamke aliyefunga na kuomba ili mwanawe atoe sauti sasa alikaa naye kutwa kiganja kikiwa tayari, na kila midomo ile midogo ilipojikunja, aliifunika. Mtoto alilia bila sauti, machozi yakipita katikati ya vidole vya mama yake. Sijaona kitu kilichonichoma vile. Nilimchukia Octave, nikawachukia ndege wote wa dunia hii.

Jumapili alasiri Octave alikuwa zamu. Kabla hajaondoka alifungua bomba la beseni kuona kama maji yamerudi. Hakukuwa na kitu, akaenda zake, bomba akaliacha wazi. Kosa hilo kila nyumba ya Johannesburg imelifanya. Kizibo nacho kilikuwa mahali pake, pale alipokikandamiza.

Tulikuwa sebuleni. Nilikuwa namsuka Léocadie, yeye kakaa mkekani, Sagesse kasinzia ubavuni mwake. Mbingu ya hapa huwa haina salamu. Giza likaingia mchana, radi ikapasuka, na mvua ya mawe ikaanza kupiga madirisha. Kelele ilikuwa kubwa hata sikusikia nilichokuwa namwambia dada yangu. Wala hatukusikia maji yaliporudi.

Nilifika kwenye msuko wa mwisho. Léocadie akapapasa ubavuni bila kugeuka.

Mkeka ulikuwa mtupu.

Mvua ya mawe ikakatika ghafla. Katika kimya kile tukasikia bomba linatiririka. Tukasikia na sauti ndogo.

"Kyau."

Kisha kitu kikateleza. Kizito. Maji yakamwagika.

Mlango wa bafuni ulikuwa umefungwa, na maji ya kahawia yalikuwa yanatoka chini yake. Nilisukuma kwa bega. Haukwenda. Haukuwa na komeo, ulifungwa na kitu kilichoulalia upande wa ndani, na nilipoweka sikio nilikisikia kinapumua. Pumzi moja ndefu. Nikasukuma tena, nikapiga kwa ngumi, nikatukana matusi ya Uvira ambayo sikujua kama nayakumbuka. Halafu uzito ukaondoka taratibu, kama mtu anayekupisha.

Beseni lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Kahawia. Limetulia. Sagesse hakuonekana.

Beseni lile, likijaa, maji yananifika chini ya magoti. Léocadie alitumbukiza mkono. Ukaingia mpaka kiwiko, ukaingia mpaka bega, shavu lake likagusa maji, na bado alikuwa anapapasa. Hakufika chini. Nilimwona usoni anavyokosa. Alitoa mkono, akapiga magoti kwenye maji ya sakafuni, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama. Nilidhani atapiga yowe. Hakupiga. Aliinama juu ya maji, akanong'ona kwa adabu, kama unavyoingia nyumba yenye msiba.

"Pole, mama. Pole juu ya batoto."

Hakuna kilichotikisika.

"Balikuita, sisi tukakupoteza njia. Ni bwana yangu alifanya. Pole." Akaweka kiganja juu ya maji. "Mimi nilikuwa na huyu moja tu."

Maji yakatetemeka. Mtetemo ule ule wa kupanda nyayoni. Halafu kitu kikamwinua mtoto kutoka chini, polepole, kikamleta juu mpaka mikononi mwa dada yangu. Hakuelea. Aliletwa. Niliona maji yakijikunja chini yake na kurudi, na kwa muda mfupi niliona jicho, la manjano, lisilopepesa. Halikunitazama mimi. Lilimtazama Léocadie, mama kwa mama. Kisha likazama, na beseni likawa beseni, na kizibo cha mpira kilionekana chini pale pale kilipokandamizwa.

Sagesse alikuwa anapumua. Hakukohoa hata tone. Tulipomvua gauni tuliona alama, safu mbili za vijishimo, moja tumboni na moja mgongoni, zimemzunguka kiunoni. Hazikutoka damu. Zilibonyea tu, kama ngozi ilishikwa kwa uangalifu mkubwa.

Kliniki nesi alituuliza tulimfunga mtoto na nini. Tukasema ukweli, akaita mtu wa ustawi wa jamii. Tukasema uongo, akaandika. Nilitaka kumrukia. Mpaka leo alama hazijafutika, na kila tunapokwenda lazima tuhojiwe kama wahalifu. Octave aliirudisha darubini kwa Ngugi, siku hizi akipita njiwa anatazama chini. Beseni tulitaka liondolewe. Wenye jengo walisema ni mali ya jengo. Tunaoga kwa ndoo, sebuleni, nyuma ya pazia.

Na Sagesse anasema. Hilo ndilo wasiloliamini watu. Tangu siku ile maneno yalimtoka kama bomba lililofunguka. Mimi, mdogo wa mama yake, ananiita Tantine. Baba anamwita Papa. Chekechea walimpokea, anaimba nyimbo za Kizulu ambazo sisi hatuzijui. Sauti ile ya zamani hajaitoa tena.

Dada yangu anamwita Léo. Anamwita vizuri, kwa mapenzi, kama wamwitavyo majirani. Tumemfundisha, tumembembeleza, tumemwahidi pipi. "Huyu ni nani, Sagesse?" Anamtazama Léocadie, anacheka, anasema, "Léo."

Neno lile jingine analo. Mawingu yakikusanyika, anaacha michezo yake, anakwenda kusimama kwenye beseni kavu, mikono juu ya ukingo.

"Mama," anaita kwa upole. Halafu anainamisha kichwa, anangoja.

Na dada yangu, popote alipo katika nyumba, hata kama mafuta yanaungua jikoni, hukimbia, aitikie yeye kwanza. Juzi alikuwa ameshuka kufuata mkate. Alipofika juu akihema, mtoto alikuwa amekwisha kulala, ametulia, nywele zimelowa. Bomba lilikuwa limefungwa. Mchanga wa St. Lucia ulianzia kwenye beseni ukaja mpaka kitandani, na juu ya shuka, ubavuni pa Sagesse, palikuwa na bonde refu lenye joto bado.